Hiari ya Mfa Maji

Fomu ya ridhaa ina kurasa 27. Niliisoma nimesimama, nimeegemea friji, kwa sababu siku hizi siwezi kukaa kitini zaidi ya dakika ishirini. Ukurasa wa tatu unasema kwamba kushiriki kwangu katika utafiti huu ni kwa hiari kabisa. Ukurasa wa 19 unarudia. Ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya mstari wa saini, unanitaka niseme mwenyewe: nasaini kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu yeyote.

Ugomvi wangu ni na neno hilo moja. Sigombani na utafiti wa tiba. Bila watu waliokubali kujaribiwa dawa, tusingekuwa na chanjo ya surua wala dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na nusu ya ukoo wangu ingekuwa makaburini. Sigombani hata na diski ya bandia, kifaa ambacho huenda siku moja nikakihitaji kweli. Ninachogombana nacho ni desturi ya kumkuta mtu anazama, kumrushia kamba, halafu kumtaka aandike kwamba kamba ameishika kwa kupenda kwake.

Nieleze kwanza nilivyofika majini.

Nyumbani Tanzania wanatuita wabeba boksi, sisi tulio Marekani. Mimi sikubeba boksi. Kwa miaka saba nimebeba wazee, zamu ya usiku, katika nyumba ya kulelea wazee hapa Houston. Kazi yenyewe ni kuwageuza, kuwaogesha, kuwabadilisha nepi, kuwatoa kitandani na kuwaweka kwenye kiti cha magurudumu. Kanuni inasema mzee asiyeweza kusimama anyanyuliwe na watu wawili, au kwa mashine. Usiku ule wa Februari mashine ilikuwa mbovu na mwenzangu alikuwa ameitwa upande mwingine wa jengo. Mzee mmoja, mwanamume wa kilo tisini na zaidi, alikuwa ameteleza chooni na anaomba msaada kwa sauti ndogo ya aibu. Ungefanya nini? Nilipiga goti, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamwinua. Kitu kiunoni mwangu kikaachia. Mzee hakuumia hata kidogo, na hilo bado linanifurahisha.

Sasa kuna mambo mawili kuhusu Texas ambayo sikuyajua mpaka siku niliyoumia. La kwanza: sheria ya hapa inamruhusu mwajiri binafsi achague kutokuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Mwajiri wangu alikuwa amechagua. Ningeweza kushtaki, wakili wa kwanza aliniuliza shahidi wangu ni nani, wa pili hakunipigia tena. La pili nililijua nilipopunguza zamu kutoka tano hadi mbili kwa wiki na kipato changu kikashuka chini ya mstari wa umaskini. Texas ni kati ya majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, bima ya serikali ya watu wenye kipato kidogo. Ukishuka chini ya mstari ule, ruzuku ya kununulia bima unaikosa kwa kuwa kipato chako ni kidogo mno, na Medicaid unaikosa kwa kuwa umaskini wako bado si wa aina wanayoitaka. Wataalamu wa sera wanaliita pengo la bima. Mimi naliita maji.

Picha ya MRI ilionyesha diski ya mwisho kiunoni, ile iliyokaa juu ya mfupa wa sakramu, imekauka na kusinyaa. Diski ni mto mdogo kati ya pingili na pingili: nje mkanda mgumu, ndani ute mzito. Wangu ulikuwa mweusi kwenye picha, juu yake wenzake weupe. Nilipewa vidonge, sindano mbili za steroidi, na vipindi sita vya fiziotherapi katika kliniki ya umma. Baada ya mwaka mmoja daktari akataja upasuaji wa kuunganisha pingili: skrubu na vipande vya mfupa, ili pingili mbili ziwe kitu kimoja na zisisogee tena. Gharama aliyoitaja ingenijengea nyumba Tanga na chenji ikanunua bajaji. Aliponiona nimenyamaza, akasema, "Kuna utafiti unaandikisha wagonjwa. Kampuni inalipia kila kitu."

Ndivyo nilivyopata fomu ya kurasa 27.

Diski ya bandia ina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Katika miaka ya 1960, daktari wa Sweden aitwaye Ulf Fernström aliweka mipira ya chuma cha pua kati ya pingili za wagonjwa wake. Wazo lilikuwa zuri, kwamba mgongo uendelee kupinda. Lakini mfupa ni laini kuliko chuma, na mipira ikawa inazama ndani ya pingili. Mwaka 1984, katika hospitali ya Charité, Berlin Mashariki, ilianza kutumika diski iliyobuniwa na Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz. Huyu Büttner-Janz alikuwa mchezaji wa jimnastiki aliyeshinda dhahabu mbili katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kisha akawa daktari wa mifupa. Diski yao ilikuwa bamba mbili za chuma na kipande cha plastiki ngumu katikati. Matoleo mawili ya kwanza yalileta matatizo ya kuzama na kuvunjika. La tatu likafika Marekani, likajaribiwa kwa wagonjwa 304, na Oktoba 2004 FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikaliidhinisha. Mwaka 2007 Medicare, bima ya serikali ya wazee, iliamua kutolipia diski za kiuno kwa watu wa zaidi ya miaka 60. Diski ile ya Charité leo haiuzwi tena.

Nimeisoma historia hiyo mara nyingi usiku, nimelala chali sakafuni, miguu juu ya kochi. Majina ya wabunifu tunayo. Waliotembea miaka mingi na mipira ya Fernström iliyozama mifupani mwao hawana majina. Walikubali, bila shaka. Kila mtu mwenye maumivu ya mgongo hukubali.

Nilimpigia mama yangu Tanga. Nilitaka kumweleza fomu kwa Kiswahili, na hapo ndipo Kiswahili kilipoifanya fomu iseme ukweli. Kiingereza chake kina neno refu la kisayansi la namna wagonjwa wanavyogawanywa katika makundi mawili. Kwa Kiswahili, nilipolitafuta neno, lililokuja mdomoni ni bahati nasibu.

"Bahati nasibu?" mama akauliza. "Ile ya kukwangua?"

"Kama ile, mama. Ni kama mipira mitatu kwenye mfuko. Miwili ni diski mpya, mmoja ni kuunganishwa mifupa."

"Kwa hiyo daktari mwenyewe hajui atakufanyia nini?"

"Hajui mpaka kompyuta imwambie."

"Na kipi bora?"

"Ndicho wanachotaka kukijua."

Alinyamaza kidogo, nikamsikia anamfukuza kuku. Kisha akasema, "Mwanangu, wahenga wamesema hiari yashinda utumwa. Lakini hapo hiari yako mimi siioni. Naona mfa maji."

Mama alisoma mpaka darasa la saba. Amesema kwa sentensi tatu kitu ambacho wanazuoni wa maadili ya tiba wamekiandikia vitabu. Mwaka 1982 Paul Appelbaum na wenzake waliupa jina mkanganyo wa mgonjwa anayeingia kwenye utafiti akidhani anaingia kwenye matibabu. Daktari wa matibabu huuliza: huyu mtu mbele yangu anahitaji nini? Utafiti huuliza: kifaa hiki kinafanya kazi? Hayo ni maswali mawili tofauti, na mwili ni mmoja. Mgonjwa anayejua tofauti hiyo na bado akachagua utafiti, anaweza kusema kachagua. Lakini mimi niliyejua tofauti hiyo vizuri sana nilikuwa tayari kuisahau, kwa sababu mlango wa matibabu ulikuwa umefungwa na wa utafiti uko wazi, una taa, na kuna mtu mlangoni anayenikaribisha kwa jina.

Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kulitokea pande mbili, na kwa kuwa wengi wenu mnaosoma hapa mko upande mmojawapo, nitajibu zote.

Kaka yangu aliandika: usikubali kuwa panya wa wazungu. Ameposti na Tuskegee, na hakukosea kuikumbuka. Kuanzia 1932 mpaka 1972, huko Alabama, serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende, ikawaficha ugonjwa wao, na penisilini ilipopatikana ikawanyima. Lakini kaka anasahau kilichofuata. Kashfa ile ndiyo iliyozaa sheria, kamati za maadili, na ripoti ya Belmont ya 1979. Mimi sikufichwa kitu. Nilipewa kurasa 27, nambari ya simu ya kamati, na mratibu wa utafiti aliyeniletea maji ya kunywa na mto wa kuegemea, dada mpole kuliko wauguzi wote niliokutana nao mwaka ule. Ukimwita huyo mchinjaji, utashindwa kuliona tatizo lenyewe, maana watu wema ndio wanaoliendesha.

Binamu yangu wa chuo kikuu aliandika: dada, amini sayansi. Nami nikamuuliza: sayansi ipi, na nani aliyechagua swali lake? Hapo akanyamaza, lakini mimi sikunyamaza, kwa hiyo nitaendelea hapa.

Swali la utafiti wangu lilikuwa hili: je, diski mpya ni duni kuliko kuunganisha pingili? Ikionekana si duni, imefaulu. Swali hilo lina faida kwa anayeuza diski. Hata jaribio la diski ya Charité lililoanza mwaka 2000 liliilinganisha na namna ya kuunganisha pingili ambayo wapasuaji wengi walikuwa wameanza kuiacha. Ukitaka kuonekana mrefu, chagua wa kusimama naye.

Mgonjwa kama mimi ana swali jingine: je, ninahitaji kupasuliwa kabisa? Swali hilo limewahi kuulizwa, huko Norway. Hospitali tano za vyuo vikuu ziliwachukua wagonjwa 173 wenye maumivu sugu ya kiuno na diski zilizochakaa. Kundi moja liliwekewa diski za bandia. La pili lilipewa mazoezi na mafunzo ya nguvu, saa zipatazo 60 kwa wiki tatu hadi tano, na timu ya wataalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa na nafuu. Waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi kwa alama 8.4 kati ya 100. Watafiti walikuwa wamepanga tangu mwanzo kwamba tofauti ya maana kwa mgonjwa ni alama 10. Na mgonjwa mmoja wa upande wa upasuaji, aliporudishwa kufanyiwa marekebisho, mshipa mkubwa wa damu uliumia, akaishia kukatwa mguu.

Ni mmoja tu, na sitaki kuwatisha. Lakini ni vizuri kujua kwamba diski ya kiuno huwekwa kupitia tumboni. Matumbo husogezwa, kisha mishipa mikubwa ya damu inayoshuka miguuni husogezwa, ndipo mpasuaji aufikie uti wa mgongo kwa mbele. Mara ya kwanza njia ni safi. Ukirudi mara ya pili kurekebisha, makovu yameshaishikamanisha mishipa na mfupa. Kwa hiyo diski ikiharibika mwaka wa sita, kazi ya kuitoa ni ya hatari kuliko ile ya kuiweka.

Na matokeo makuu ya utafiti wangu yanapimwa kwa miezi 24. Nina miaka 34. Nikiishi umri wa bibi yangu, mgongo huu una kazi ya miaka hamsini na zaidi.

Nirudi kwa Wanorway. Saa 60 za mazoezi na timu ya wataalamu. Mimi nilipata vipindi sita vya dakika arobaini na tano. Daktari wangu aliandika kwenye faili kwamba mazoezi "yameshindwa", na kushindwa huko ni sharti mojawapo la kuingia kwenye utafiti. Soma tena hapo. Sikupewa tiba ya bei nafuu kwa kipimo kinachotosha, kukosa kwangu kukaitwa kushindwa, na kushindwa huko kukanifanya niwe na sifa ya kuwekewa kifaa ambacho hakijaidhinishwa. Hakuna aliyepanga njama. Kila mtu alijaza fomu yake kwa uaminifu.

Kisha kuna fedha. Januari 2008 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba katika utafiti wa diski nyingine ya bandia, iliyoidhinishwa mwaka 2006, madaktari wa takriban nusu ya vituo 17 vya utafiti walikuwa na maslahi ya kifedha katika kifaa kile kile walichokuwa wakikipima. Leo kuna tovuti ya serikali, Open Payments, ambapo mtu yeyote anaweza kuandika jina la daktari na kuona kampuni zilizomlipa. Niliandika jina la mpasuaji wangu. Amelipwa ada za ushauri na kampuni yenye diski hii, kiasi kinachozidi mapato yangu ya miaka miwili. Si kosa la jinai, wala sidhani ni mtu mbaya. Ushauri wake labda ni mzuri. Ila fomu yangu, ukurasa wa 22, ilisema tu kwamba baadhi ya watafiti wanaweza kuwa na maslahi. Baadhi. Wanaweza. Alikuwa ameketi mbele yangu, mtu mmoja mwenye jina.

Lakini kilichonishinda kabisa ni ukurasa wa 17. Unasema kwamba nikiumia kwa sababu ya utafiti, matibabu yatapatikana, na gharama zake zinaweza kupelekwa kwangu au kwa bima yangu. Niliusoma mara nne nikidhani Kiingereza kimenipiga chenga. Nikamuuliza mratibu.

"Ina maana diski ikiharibika mwaka wa nne, nani analipa?"

"Ndani ya miezi 24 mfadhili anaangalia kila tukio kivyake," alisema. "Baada ya hapo inategemea bima yako."

"Sina bima. Ndiyo maana niko hapa."

Alitazama chini. Sheria ya Marekani haimlazimishi mfadhili kunilipa. Inalazimisha tu, pale hatari inapozidi ile ya kawaida, niambiwe kama fidia ipo au haipo. Niliambiwa, sheria imetimizwa. Huko Umoja wa Ulaya, sheria ya vifaa tiba ya mwaka 2017 inazitaka nchi wanachama zihakikishe kuna mfumo wa kumfidia mshiriki anayedhurika. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Kampuni zinazouza vifaa Ulaya zinalifanya, na bado zinauza.

Najua pingamizi mtakalonitupia, kwa sababu nimejitupia mwenyewe. Mtasema: ukidai kwamba ridhaa ya mwenye shida si ridhaa, unawavua wenye shida haki ya kuamua. Utawafukuza kwenye utafiti kwa jina la kuwalinda, na hata kamba hutawaachia. Pingamizi hili ni zito. Binti yangu ana miaka minane, na kuna siku nilitaka kusaini kwa sababu moja tu, ili niweze kumfunga viatu bila kulala chini. Mtu angekuja kunizuia kwa kuwa mimi ni maskini mno kuamua, ningemfukuza kwa fimbo yangu ya kutembelea.

Kwa hiyo sisemi tufungiwe mlango. Nasema wekeni na mwingine. Mtu anayeweza kupata mazoezi ya saa 60, au upasuaji wa kawaida, akaviacha na kuchagua utafiti, huyo ana hiari, na saini yake ina uzito. Wapeni wagonjwa wote waliokidhi sifa tiba iliyopo, washiriki au wasishiriki. Akidhurika, alipwe, bila kuulizwa bima yake. Na jina la daktari mwenye maslahi liandikwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa ule ule walioandikia jina la kifaa. Mtasema gharama za utafiti zitapanda. Ndiyo, zitapanda. Kwa sasa gharama hizo hazijafutwa, zimehamishiwa kiunoni mwa mtu.

Ripoti ya Belmont ilitaja misingi mitatu: kuheshimu watu, kuwatendea wema, na haki. Vyuo vikuu vinafundisha vizuri ule wa kwanza, ndio uliozaa fomu za ridhaa. Ule wa tatu unauliza ni nani anabeba mzigo wa utafiti na ni nani atakula matunda yake. Diski hii ikifaulu, itawekwa kwa watu wenye bima nzuri. Mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyetoa mgongo wake ili ifaulu, siku ikimharibikia hataweza kuinunua nyingine.

Mjomba aliniambia nirudi nyumbani, MOI pale Muhimbili wanapasua migongo. Nilifikiria kweli. Lakini baba wa binti yangu hakubali mtoto avuke mpaka, na mimi sivuki bila yeye. Huo nao ni mlango uliofungwa, ingawa hauna uhusiano na tiba. Maisha ya mgonjwa yana milango mingi ya namna hiyo ambayo hakuna fomu inayoiuliza.

Siku ya miadi nilimwomba mratibu jambo dogo. Nilitaka kukata neno "hiari" kwa kalamu na kuandika badala yake kwamba nakubali kwa kukosa njia nyingine. Alisema fomu imepitishwa na kamati ya maadili, haiwezi kuguswa hata nukta. Nikamuuliza, nikikataa leo, nitapata upasuaji wa kawaida? Akasema watanipa orodha ya kliniki. Orodha ninayo. Nimeshazipigia zote.

Sikusaini.

Sitaki mnipigie makofi. Sikukataa kwa ujasiri. Nilikataa kwa hesabu ya mama mwenye mtoto: ukurasa wa 17 ulinitisha kuliko maumivu. Kama ningekuwa na maumivu zaidi kidogo, au miaka zaidi kidogo, ningesaini, na ningekuwa mtu yule yule mwenye akili zile zile. Nimepata mtaalamu wa fiziotherapi anayenikubalia nilipe kidogo kidogo, Jumanne na Alhamisi. Nimehesabu, nikifika saa 60 itakuwa mwakani. Sijui nitafika wapi. Wiki iliyopita nilikaa kitini dakika thelathini na tano, nikala wali na familia ya rafiki yangu kama binadamu. Kesho yake nililala sakafuni siku nzima.

Kamati ya maadili nimeiandikia barua, kurasa mbili, kuhusu ukurasa wa 17 na ukurasa wa 22. Wamejibu kwamba wameipokea.

Mratibu alinipigia kuniaga, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Aliniambia nafasi yangu imeshapata mtu. Hakunitajia jina, wala hakutakiwa kunitajia. Nimemfikiria sana mtu huyo. Namwona amesimama jikoni kwake na kurasa 27, anasoma huku ameegemea kitu. Kama wewe ndiye, sina neno baya kwako. Ningeweza kuwa mimi. Nakuombea upasuaji mwema na mkono wa kukushika unapokwenda chooni siku zile za mwanzo. Ila ukurasa wa 17, tafadhali, usome kwanza, na uwaulize kwa sauti ni nani atakayelipa.